Maana ya pichi katika bolti na nati

Fundi anayechonga bolti katika karakana ya nyumbani, kwa sababu ile anayoihitaji haiuzwi tena madukani, aghalabu huanza kwa kupima unene wake, na wengi hukosea hapo kwa kudhani kwamba kipimo hicho kinatosha. Kipimo cha pili ni pichi, yaani umbali kutoka ncha ya jino moja hadi ncha ya jino linalofuata. Kwa kuwa meno ya bolti ya kawaida kwa hakika ni mfuo mmoja unaoizunguka tangu mwanzo hadi mwisho, pichi ndiyo pia masafa ambayo nati husogea inapozungushwa duru moja kamili.

Katika vipimo vya milimita, bolti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, huwa na pichi ya 1.25, na ya M10 huwa na 1.5. Hata hivyo, ipo M10 nyingine yenye meno ya karibu zaidi, ya pichi 1.25, na nati ya mojawapo ikifungwa kwenye nyingine huingia kidogo kisha hukwama. Mwenye papara akiongeza nguvu ya spana, huharibu zote mbili.

Vipimo vya inchi havitaji pichi moja kwa moja, bali huhesabu meno yaliyomo katika inchi moja. Joseph Whitworth alipendekeza utaratibu wake Uingereza mwaka 1841, akiweka pembe ya jino kuwa nyuzi 55, naye William Sellers wa Marekani akapendekeza nyuzi 60 mwaka 1864. Bolti ya nusu inchi ya Kiingereza ina meno 12 kwa inchi, ilhali ya Kimarekani ina 13, kwa hiyo hutambulikana upesi. Inayohadaa ni ile ya robo inchi, kwa maana pande zote mbili zina meno 20, na nati huweza kuingia vizuri ingawa pembe za meno hazilingani. Anayetengeneza upya bolti ya mtambo mkongwe asiridhike na kuhesabu meno. Achukue geji ya meno, yaani bapa lenye meno ya kipimo maalumu, aiweke juu ya bolti ya zamani, kisha atazame kama mwanga unapenya katikati.

Kwenye lethi, yaani mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, pichi hupatikana kwa uwiano wa giya. Bolti inapozunguka mara moja, skurubu ndefu ya mashine inapaswa kukisogeza kisu umbali ulio sawa na pichi inayotakiwa. Tuseme skurubu hiyo ina meno 8 kwa inchi, yaani pichi ya milimita 3.175, na fundi anataka 1.5: giya ya meno 60 ikiendesha ya meno 127 humpa kipimo hicho barabara. Idadi hiyo ya ajabu, 127, inatokana na inchi kuwa milimita 25.4, ambayo ni 127 ikigawanywa kwa 5.

Kwa upande wa nati hesabu ni nyepesi, kwani tundu hutobolewa kwa keekee yenye unene wa bolti ukitoa pichi. Nati ya M8 huhitaji tundu la 6.75, na keekee inayopatikana kwa kawaida ni ya 6.8, ambayo inafaa kabisa kabla ya kupitisha tapu, yaani kifaa cha kukata meno ndani ya tundu.