Utando wa maji unaolinda pampu ya kinu

Nikiulizwa pampu ya kupozea kinu cha nyuklia huanza kuharibikia wapi, najua anayeniuliza anaifikiria mota. Si ajabu. Ni mota ya megawati 5 hadi 7, imesimama wima juu ya pampu, na ndiyo ya kwanza kuonekana. Lakini kwa miaka yote niliyoshughulika na mashine hizi, mota imeninyima usingizi mara chache sana. Mimi naanza na sili, kizibo kinachozuia maji yasitoroke pembeni mwa shafti, yaani mhimili unaozungushwa na mota.

Nazungumzia vinu vya maji yenye shinikizo kubwa, ambavyo ndivyo vingi zaidi duniani. Maji yanapopita kwenye pampu huwa na shinikizo la baa 155 hivi na joto la nyuzi 290 za Selsiasi, na pampu moja kubwa husukuma zaidi ya mita za ujazo 20,000 kwa saa. Shafti inatoka ndani ya maji hayo na kupanda hadi kwenye mota, iliyo katika hewa ya kawaida. Sili zinazoizunguka shafti hiyo lazima zizuie maji na papo hapo ziiache izunguke takriban mara 1,200 au 1,500 kwa dakika.

Katika muundo ulioenea sana, sili ni tatu, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ndiyo inayobeba karibu mzigo wote, na nyuso zake mbili hazigusani. Zinatenganishwa na utando wa maji wenye unene wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Maji hupita humo kwa makusudi, lita 10 hivi kwa dakika. Fundi mgeni hushtuka kusikia sili iliyoundwa ivuje. Mvujo ukiongezeka anaelewa kuna shida. Inamchukua muda kuelewa kwamba mvujo ukipungua ni shida pia.

Uso wa sili hiyo tunaukagua kwa kuuwekea kioo bapa juu na kuumulika kwa taa ya rangi moja. Inatokea mistari ya mwanga na giza. Ikinyooka na kuachana sawasawa, uso umenyooka. Ikipinda, kuna kilima au bonde, na kila mstari ni takriban maikromita 0.3 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukiishika sili kwa kiganja kisha ukairudisha mezani, mistari hupinda kwa joto la mkono wako tu. Inabidi kungoja itulie. Naupenda ukaguzi huo kwa sababu anayeuona mara moja hahitaji tena kuhubiriwa usafi.

Na usafi ndio nusu ya kazi. Sili hulishwa maji baridi yaliyochujwa, lita 30 hivi kwa dakika kwa kila pampu. Sehemu kubwa hushuka kwenye mzunguko wa maji ya kinu na kuyazuia maji ya moto yasipande. Iliyobaki hupita kwenye sili. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, zamu ilihamisha maji hayo kwenye chujio la akiba bila kulisafisha bomba lake kwanza. Kutu iliyokuwa imelala humo ikafika kwenye sili. Mvujo ulishuka kidogo, ukatulia, kisha ukaanza kupanda. Tulipoifungua pampu tulikuta mkwaruzo mmoja mwembamba, mfupi kuliko ukucha. Kinu kizima kilikuwa kimezimwa kwa ajili ya mkwaruzo huo.

Hali mbaya zaidi ni umeme wote wa kituo kukatika. Maji ya kulisha sili yanakoma, na maji yanayopoza kizuizi cha joto, kinachozuia joto la kinu lisiifikie sili, yanakoma pia. Maji ya nyuzi 290 yanapanda, yanageuka mvuke ndani ya utando, na oringi, yaani pete za mpira zinazoziba maungio, zinalainika. Nchini Marekani wachambuzi wamekuwa wakikadiria mvujo wa kuanzia lita 80 kwa dakika kwa pampu moja, na katika hali mbaya kabisa kama lita 1,800. Maji hayo yanatoka kwenye kinu wakati hakuna pampu ya kuyarudisha. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, Machi 2011, jambo hili lilipewa uzito mpya: oringi zinazostahimili joto, pampu ndogo yenye dizeli yake, na sili ya ziada inayojikaza yenyewe kwenye shafti joto likipanda. Hiyo ya mwisho naiunga mkono kwa sharti moja: ipimwe pia baada ya kutumika, maana kufanya kazi ikiwa mpya hakuthibitishi itakavyokuwa ikishakaa kwenye pampu miaka kadhaa.

Shafti nayo ina adui wake. Pale maji baridi ya sili yanapokutana na maji ya moto ya kinu, ngozi ya chuma hupashwa na kupozwa bila kukoma, na nyufa nyembamba huanzia hapo. Kengele ya mtetemo hungoja mtetemo uwe mkubwa. Mimi natazama ule unaojirudia mara mbili kwa kila mzunguko, na pembe yake, yaani sehemu ya mzunguko ambapo unafikia kilele; ukihama polepole kwa wiki kadhaa bila mtu kugusa kitu, naomba pampu ifunguliwe.

Mtetemo pia hueleza hali ya maji. Katika ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, pampu zilitikisika kwa sababu maji yalikuwa yamechanganyika na mvuke. Waendeshaji walihofia zitavunjika, wakazima mbili za kwanza baada ya dakika 73 na mbili za mwisho baada ya dakika 100. Pampu hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinaonyesha kwamba kinu kinapoteza maji, huku waliokuwa chumba cha udhibiti wakiamini kinu kimejaa maji.

Kinu cha AP1000, muundo mpya zaidi wa kinu cha maji yenye shinikizo, kimeiondoa sili kabisa: mota na pampu zimefungiwa katika gamba moja, na beringi zinalainishwa na maji. Ni suluhisho zuri, ila beringi ikichoka, mtambo mzima wa pampu lazima ushushwe.

Kwa pampu zenye sili, ninachoomba kila zamu ni karatasi moja: mvujo, joto la maji ya sili na mtetemo wa kila pampu, vimechorwa pamoja saa kwa saa, hata siku ambayo kila kitu kiko sawa.