Jua halikupatwa kwa kifo cha Ibrahim

Imani kwamba kupatwa kwa jua hutangaza kifo cha mtu mkubwa ni kongwe, na hata Madina ilisikika siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (S.A.W.) na Bi Maria, mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka 2. Baba huyo, aliyemlilia mwanawe bila kuona haya, angeweza kunyamaza tu, na uvumi ungemkuza. Badala yake aliwaeleza watu kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kwa uhai wa mtu yeyote, kisha akawaagiza waswali. Wataalamu wa falaki huinasibisha siku hiyo na tarehe 27 Januari 632, mwezi ulipopita mbele ya jua.