Shela haikatwi kwa mkasi

Jana tena. Mteja kanitumia klipu ya bibi harusi pale Capri Point, hapa Mwanza, upepo wa jioni, shela inapepea, ziwa lote liko nyuma, halafu ananiambia "kaka mkate tu, utoe hiyo bakgraundi uweke bustani, si AI inafanya yenyewe, unabonyeza tu?" Ni mara ya tatu mwezi huu, acha niandike niwe natuma linki.

Kitufe kipo kwenye programu za kuhariri video. CapCut inacho, DaVinci Resolve ina Magic Mask, After Effects ina Roto Brush tangu 2010. Mtu kakaa kwenye kiti, nywele fupi, nyuma ukuta wa rangi moja, bonyeza uende zako, itatoka vizuri. Kinachoniudhi ni hilo neno kukata, watu wanadhani mtu kabandikwa juu ya bakgraundi kama stika, unambandua basi. Sio hivyo jamani.

Angalia hiyo shela. Ni neti, maji unayaona kupitia humo humo. Kila pikseli yake, yaani kila kinukta cha picha, ina weupe wa kitambaa na rangi ya ziwa, vimeshachanganyika ndani ya kamera kama maziwa kwenye chai, na wewe unataka nitoe chai nibaki na maziwa. Ncha za nywele ni hivyo hivyo, mkono ukipungwa haraka ule ukungu wake ni nusu mkono nusu ziwa. Kwa kila pikseli kamera inanipa namba 3, nyekundu, kijani na bluu, mimi natafuta 7: 3 za mtu, 3 za nyuma, na moja ya uwazi, yaani alfa. Hapo programu inakisia, na inakisia fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya video, ndo maana ukingo unachezacheza. Sekunde 30 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 750, na zile ilizokosea nazirekebisha kwa mkono.

Kile kitambaa cha kijani kinachotundikwa nyuma ya mtu kazi yake kubwa ni kunipa rangi ya nyuma mapema. Kama huna, nipe kwa njia nyingine: simu kwenye stendi, mwanga wa kamera uufunge (lock) usijibadilishe, bibi harusi akitoka acha irekodi sekunde 5 pakiwa patupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2020 walitumia wazo hili hili la picha ya sehemu tupu. Ila kwetu maji hayatulii, wimbi la sasa hivi sio la sekunde iliyopita, kwa hiyo ziwa tupu linanisaidia nusu tu. Mawe ndo hayahami, na Mwanza yapo kila kona, msimamishe mbele ya mawe, asiyaegemee, kivuli chake kisiyafikie.

Hata hapo, shela sijawahi kuirudisha yote. Weupe naongeza kwa jicho, na kuna klipu nilishakabidhi nikiziangalia leo siwezi kusema kama ukingo uko sawa au macho yangu yamezoea.

Mengine haraka: WhatsApp tuma kama dokumenti, ikibanwa ukingo unakufa. MP4 ya kawaida haibebi alfa, nitakupa ProRes 4444, aina ya video inayobeba alfa, faili zito, njoo na flashi. Na bustani yako iwe ya jioni, jua la mchana halikai na uso uliopigwa na jua la magharibi.

Huyo wa jana nimemshauri aliache ziwa lake. Bado anafikiria.