Bikoni si hati

Kwenye vilima vya Mwanza, kuanzia Igogo hadi Mabatini, wengi huamini kwamba mpimaji akishazika bikoni, yaani alama za mipaka, kwenye kona za kiwanja, nyumba imerasimishwa, yaani imetambuliwa kisheria na ina hati. Bado. Bikoni huonyesha mipaka tu.

Urasimishaji huanza na kutambua vipande vya ardhi na wamiliki wake, kisha huchorwa mchoro wa mipango miji. Hapo ndipo ugomvi hutokea, kwa sababu mchoro unadai njia, na kati ya mawe makubwa ya vilima hivyo njia haipatikani bila mtu kumega ukuta au ngazi yake. Jirani mmoja akigoma, kazi ya mtaa mzima hukwama. Mchoro ukiidhinishwa, hufuata upimaji; ramani ya upimaji nayo lazima iidhinishwe. Baada ya hapo mwenye kiwanja anaomba kumilikishwa na kulipia ili apate hati, na hatua hii ndiyo watu huiacha njiani.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani malipo ya umeme, nayo haithibitishi umiliki, hata ukiilipa kila mwezi. Na aliyejenga ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa anagusa eneo linalolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004. Aulize halmashauri kwanza kabla ya kuchangia upimaji.