Mlima Usioonekana: Terra baixa ya Àngel Guimerà

Kila ninapofundisha utunzi wa tamthilia, huwauliza wanafunzi wangu swali moja kuhusu Terra baixa, yaani "Nchi ya Bondeni", tamthilia ya Àngel Guimerà: mlima uko wapi? Waliosoma muhtasari tu hujibu upesi kwamba uko jukwaani, ilhali mchezo mzima hutendeka ndani ya nyumba ya kinu cha kusagia nafaka, na mlima anakotoka mchungaji Manelic haupo ila katika maneno yake.

Tamthilia hii ya Kikatalani, lugha ya Catalonia huko Uhispania, ilichezwa kwanza Madrid mwaka 1896, tena kwa Kihispania, katika tafsiri ya mtunzi wa tamthilia José Echegaray. Wakatalani wenyewe waliisikia kwa lugha yao mwaka uliofuata, mjini Tortosa. Sebastià, mwenye ardhi anayetafuta mke tajiri, anamwoza hawara wake Marta kwa Manelic ili kuzima uvumi, huku akikusudia kuendelea naye kisirisiri. Manelic, ambaye umri wake wote ameishi na mifugo, haelewi kwa nini watu wanamcheka siku ya harusi yake. Anamsimulia Marta jinsi alivyopambana na mbwa mwitu aliyekuwa akimaliza kundi, na sarafu aliyopata kwa kazi hiyo. Asiye makini atadhani ni porojo za mchungaji, mpaka atakapomwona Manelic akimkaba Sebastià kwa mikono mitupu, kisha akiwapigia ukelele wanakijiji: "He mort el llop!", nimemuua mbwa mwitu! Guimerà alikuwa ameshatuonyesha mauaji hayo tangu mwanzo, nasi hatukujua.

Mtunzi wa muziki Eugen d'Albert alipoigeuza kuwa opera ya Kijerumani, Tiefland, iliyoonyeshwa Prague mwaka 1903 kwa maneno ya Rudolf Lothar, aliongeza utangulizi unaotupeleka hukohuko kwenye milima ya Pyrenees. Klarineti inalia peke yake, na mchungaji, ambaye sasa anaitwa Pedro, yuko mbele ya macho yetu. Muziki huo naupenda mno, lakini nauona kama hasara kwa mchezo: tukishauona mlima, hatulazimiki tena kumwamini anayeusimulia.

Filamu ya mwongozaji Mjerumani Leni Riefenstahl, iliyopigwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia lakini ikatoka mwaka 1954, ilikwenda mbali zaidi kwa kupiga picha milima halisi, naye mwenyewe akiigiza kama Marta. Siwezi kuisifu mandhari yake, kwa maana miongoni mwa waigizaji wa pembeni walikuwamo Wasinti na Waroma, watu wa jamii za wachache za Ulaya, waliotolewa katika kambi za Wanazi za Maxglan na Marzahn, na wengi wao baadaye waliuawa katika kambi ya maangamizi ya Auschwitz.

Marekebisho ninayoyathamini kuliko yote ni ya mwaka 2014, ambapo mwigizaji Lluís Homar, akiongozwa na Pau Miró, aliigiza peke yake Manelic, Marta, Sebastià na msichana Nuri. Hakuna mwamba wala kondoo. Kuna mtu mzima mmoja anayeeleza jinsi meno ya mnyama yalivyomwingia mwilini, na mlima unarudi ulimokuwa, kinywani mwake.