Kompyuta ya zamani, mfumo mpya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za miaka mingi wanapewa ushauri wa kila namna, na mwingi unawaumiza. Kuna wanaotupa mashine nzima, na kuna wanaobaki na mfumo endeshi ulioachwa huku wakiingia humo kwenye akaunti za benki. Kabla ya kuamua, jiulize mambo mawili: mfumo ulio nao bado unapata viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba kasoro zake? Na mashine yako inaweza kuubeba mfumo mpya? Dhana nyingi zinazozunguka hazigusi swali lolote kati ya hayo.

"Huduma ikiisha, kompyuta itagoma kuwaka."

Haigomi. Itawaka kama jana, mafaili yatafunguka, printa itachapa. Kinachokoma ni viraka. Ndiyo maana watu hudanganyika: hakuna dalili yoyote kwenye skrini ya kuonyesha kwamba ulinzi umeondoka.

"Sina cha kuibiwa, na antivairasi ninayo."

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Mashambulizi mengi hayamtafuti mtu kwa jina. Programu hupekua mtandao kutafuta kompyuta yoyote yenye mwanya fulani, na ikiipata inaingia. Mwezi Mei 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea hivyo katika nchi zaidi ya 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai malipo ili iyafungue. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa, na hakuna aliyekuwa amezichagua.

Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha mwanya huo Machi 2017, miezi miwili kabla. Windows XP haikukipata wakati huo kwa sababu huduma yake ilikwisha Aprili 2014. Ilikipata baada ya maafa, kwa dharura. Lakini mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao mwaka ule bado ulikuwa unahudumiwa. Wenyewe hawakuwa wamekiweka kiraka. Kwa hiyo kuwa na mfumo unaohudumiwa hakutoshi kama kila masasisho yakija unabonyeza "baadaye".

Antivairasi inasaidia, ila kazi yake ni kutambua programu mbaya. Mwanya ulio ndani ya mfumo wenyewe haiuzibi. Na hatari hukua kadiri muda unavyopita. Kiraka kikitolewa kwa mfumo mpya, wavamizi hukichambua waone kimeziba nini, kisha wanajaribu mwanya uleule kwenye mfumo wa zamani, ambako mara nyingi upo na hautazibwa. Vivinjari navyo huondoka: Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1 mapema mwaka 2023.

"Mfumo mpya utaifanya iwe nyepesi."

Mara nyingi hapana. Kompyuta ya zamani inayochukua dakika kadhaa kuwaka kwa kawaida inakwamishwa na diski yenye sahani inayozunguka, au RAM (kumbukumbu ya kazi) ndogo. Mfumo mpya hauondoi kikwazo hicho, na huenda ukakizidisha, kwa kuwa unafanya kazi nyingi zaidi nyuma ya pazia. Microsoft inataja GB 4 za RAM kuwa kiwango cha chini cha Windows 11. Kwa maoni yangu, aliye na GB 4 asijisumbue, aanzie 8.

Kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha diski uweke SSD, diski ya kasi isiyo na sahani. Tofauti utaiona siku hiyohiyo, hata bila kugusa mfumo. Angalia pia kama mfumo wako ni wa biti 32, aina ya zamani. Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 za RAM hata ukiongeza, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa.

"Imeambiwa haikidhi vigezo, basi ni takataka."

Polepole. Windows 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri), Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka), nafasi ya GB 64 kwenye diski na prosesa iliyo kwenye orodha yake. Kwa Intel, kwa sehemu kubwa ni kizazi cha nane kuendelea, na kwa AMD ni kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Mashine nyingi zinazokataliwa kwa sababu ya TPM zinayo tayari, imezimwa tu. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, kabla Windows haijaanza, utafute jina PTT kwenye Intel au fTPM kwenye AMD, uiwashe, kisha upime tena.

Prosesa ikiwa ndiyo tatizo, hapo hakuna swichi. Zipo mbinu za kuruka ukaguzi, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho baadaye, na toleo la 24H2 la Windows 11 haliwaki kabisa kwenye prosesa za zamani sana zisizoelewa maagizo yaitwayo SSE4.2. Sishauri mtu aweke kazi zake za kila siku juu ya msingi huo. Windows 10 ilipofungwa, Microsoft iliwapa watumiaji wa kawaida mpango wa viraka vya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga. Makazi ya kudumu ni mfumo mwingine.

"Linux ni ya mafundi."

Ilikuwa kweli zamani. Leo Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, mfumo endeshi wa bure, inafunguka ikiwa na menyu, kivinjari na programu za ofisi za LibreOffice, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: uone kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, printa inatambuliwa. Matoleo ya LTS (ya huduma ya muda mrefu) ya Ubuntu, Linux nyingine, hupata masasisho kwa miaka mitano. Lakini yeyote anayekuambia hutakosa chochote hasemi kweli. Microsoft Office ya kusakinisha na programu za Adobe hazina toleo la Linux, na waraka wa Word wenye majedwali mengi unaweza kuvurugika ukifunguliwa kwingine. Ikiwa kazi yako inategemea programu moja isiyo na mbadala, programu hiyo ndiyo iamue.

"Mac hazihusiki."

Zinahusika. Kwa kawaida Apple huhudumia toleo jipya la macOS pamoja na mawili yaliyotangulia, na imetangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel.

"Ukibadilisha mfumo, kila kitu kinafutika."

Inategemea njia. Ukitoka Windows 10 kwenda 11 kwa kuboresha moja kwa moja, mafaili na programu hubaki, na una siku 10 za kurudi nyuma usiporidhika. Ukisakinisha upya kwa kusafisha diski, vyote vinaondoka. Kwa njia yoyote, weka nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza, na uifungue uhakikishe inasomeka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha yaliyomo, andika ufunguo wake wa urejeshaji mahali pengine. Kompyuta mpakato iwe kwenye chaja muda wote.

"Lazima kila mashine ihame."

Si lazima. Kompyuta inayoendesha kifaa cha maabara au mashine ya karakana kwa programu isiyotengenezwa tena, iache na mfumo wake. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, isitumike kusoma barua pepe, na kila flashi ikaguliwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuchomekwa hapo.