Balbu, hita na mtambo mpya viwe kwenye hesabu moja

Kazi yangu ni kupanga uzalishaji wa umeme wa miaka ishirini ijayo, na kuna kosa linaloniuma kila ninapolikuta katika mpango wa watu makini. Mahitaji hukadiriwa kwanza, kisha mitambo huchaguliwa ya kuyatosheleza. Mwishoni, kila kitu kikishaamuliwa, hubandikwa sura ya kuwahimiza wateja wabane matumizi. Sura hiyo haigusi hata megawati moja.

Msimamo wangu ni kwamba ufanisi wa matumizi na mwitikio wa wateja (yaani wateja kupunguza matumizi wanapoombwa, kwa malipo) viingie katika hesabu ileile inayochagua mitambo, kila kimoja na gharama yake na uwezo wake saa ya kilele, yaani saa umeme unapohitajika zaidi.

Tuchukue balbu milioni moja za wati 60, nafasi yake ichukuliwe na za LED za wati 9. Kila moja inaokoa wati 51. Si zote zinazowaka saa ya kilele cha jioni; tuseme asilimia 60. Hapo tumepata megawati 30.6 kwenye mita za wateja. Sasa rudi nyuma hadi mtamboni. Ikiwa asilimia 12 ya umeme hupotea njiani, mtambo ulikuwa unazalisha megawati 34.8 kwa ajili ya balbu hizo. Weka na akiba ya asilimia 15 ya kukabili mitambo inayoharibika ghafla: megawati 40. Anayeishia kwenye mita ameipunja balbu karibu robo ya thamani yake. Na hapo nimetumia upotevu wa wastani. Kwenye kilele hali huwa mbaya zaidi, maana upotevu katika nyaya hukua kwa mraba wa mkondo.

Mwitikio wa wateja una tabia nyingine. Balbu ikishafungwa huokoa kila inapowaka, ila mwitikio lazima uitwe. Mwaka una saa 8,760. Ukizipanga kuanzia yenye mzigo mkubwa hadi yenye mdogo, mchoro huanza na ncha kali, kisha hulala. Ncha ile ya saa chache ndiyo inayotulazimisha kujenga mtambo ambao muda mwingi utakaa kimya. Mwenye chumba cha baridi akilipwa azime kompresa kwa saa mbili, ubaridi uliokwishaingia humo unambeba.

Hita za maji zinataka uangalifu. Ukizima maelfu kwa pamoja na kuziwasha kwa pamoja, zote huvuta umeme kufidia joto lililopotea, na unajitengenezea kilele kipya baada ya kile ulichokikwepa. Zirudishwe kwa makundi.

Usijumlishe tu, tafadhali. Kiyoyozi kipya kinachotumia umeme kidogo kinakuachia mzigo mdogo wa kupunguza utakapoomba msaada. Megawati 30 za ufanisi na 20 za mwitikio zikitoka kwenye vifaa vilevile, hazitafika 50. Ndiyo sababu nasisitiza hesabu iwe moja.

Kaskazini-magharibi mwa Marekani walijifunza kwa gharama kubwa. Washington Public Power Supply System, taasisi ya umma ya umeme ya jimbo la Washington, ilianza kujenga vinu vitano vya nyuklia ikitegemea makadirio ya mahitaji yanayopanda kwa kasi. Mahitaji hayakupanda hivyo, gharama zikafumuka, na mwaka 1983 ikashindwa kulipa hati fungani za dola bilioni 2.25. Ni kinu kimoja tu kilichokamilika. Tayari mwaka 1980 sheria ya eneo hilo ilikuwa imeupa uokoaji wa umeme kipaumbele mbele ya mitambo, na hata kuuruhusu uwe ghali kwa asilimia 10 zaidi ya chanzo kingine na bado uchaguliwe.

Wahandisi wenzangu huuliza kama megawati hizi ni za kutegemewa. Wana haki. Mtambo hufanyiwa majaribio kabla ya kukabidhiwa, na mimi hudai vivyo hivyo kwa wateja: wazimwe kweli, siku ya mzigo mzito, mita zisomwe kila dakika 15. Wakiahidi 20 zikaonekana 14, kwenye mpango naandika 14.